Sanduku Alilolibeba Mtani

Bweni la Wasichana,
Chuo cha Ualimu, Mtwara
6 Oktoba 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mkeo nimefika, nimepokelewa, nimepewa kitanda cha juu karibu na dirisha. Usishangae kuona barua badala ya kuletewa salamu zangu kwa simu ya jirani yako Josephu. Simu aliyoninunulia baba haipo tena. Jumamosi tulitoka wasichana watatu kwenda kupunga upepo Shangani. Nilikuwa naongea na mama, namwambia bahari ya huku inanukia vizuri kuliko ziwa lenu, ikapita bodaboda imebeba watu wawili, wa nyuma akanyoosha mkono kama mtu anayeniaga. Sikuwahi hata kupiga kelele. Mama alidhani nimemkatia makusudi.

Baba amesema hatanunua nyingine mpaka nijue kutunza mali. Kwa hiyo nimebaki na wewe, ambaye siku zote umesema barua haiporwi na bodaboda.

Chuo chetu upande wa nyuma hakina ukuta, ni mikorosho mpaka mlangoni kwa watu. Mlezi wa bweni, Madamu Doris, alitukusanya siku ya kwanza akatuambia kila mwaka vitu vinaibwa humu ndani, kompyuta, ndoo, hata nguo za ndani kwenye kamba, na mwaka huu hana mzaha. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaibiwa. Wewe umekuwa mlezi wa bweni nusu ya maisha yako. Nifundishe.

Mjukuu wako,
Subira


Sengerema
15 Oktoba 2024

Mke wangu Subira,

Marahaba. Pole kwa simu, na pole kwa mama yako, ambaye bado anaamini ulimkatia.

Sasa sikiliza, maana haya niliyajua kwa kupotelewa na vitu vya watoto wa watu niliokabidhiwa. Jina lako liandike kwenye ndoo kwa msumari uliopashwa moto; wino hufutwa kwa mafuta ya taa. Shuka zitie alama ya uzi mwekundu kwenye pindo la ndani, pale ambapo anayeiba haangalii. Kufuli usinunue kwenye duka la karibu na chuo, kwa sababu wenzako wote wamenunua hapohapo na ufunguo mmoja utafungua masanduku ya bweni zima. Njia ya kwenye mikorosho usipite peke yako, hasa msimu huu wa kuokota, watu wageni wanapokuwa wengi na kila mmoja ana sababu ya kuwa pale. Usitangaze siku unayosafiri. Simu ukipata nyingine, barabarani ikae ndani ya nguo, anayekupigia atasubiri.

La mwisho ndilo kubwa. Kitu kikipotea usikitafute kimyakimya kwa kuona haya. Toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata kama unayemshuku ni rafiki. Nimeona huruma ya siku moja ikimpa mwizi muda wa kufika sokoni.

Na ukiulizwa kwenu ni wapi, sema Sengerema. Inatosha. Anayetaka kukuibia huanza kwa kutaka kukujua.

Dada yangu Mwaisha yuko Kilambo, karibu na mto. Nenda ukamsalimie siku moja ya mapumziko. Mwambie naja mvua zikipungua.

Babu yako,
Muhidini Chilumba


Mtwara
27 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo. Nimefanya yote. Ndoo imeandikwa, shuka zina uzi, kufuli nimelinunua mjini Rahaleo, dukani kwa baba mdogo Mustafa. Chumba kizima wananiita Mlinzi.

Aliyeanzisha jina hilo ni Raheli, wa kitanda cha chini yangu. Lazima nikueleze habari zake. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi, nikasema Sengerema kama ulivyoniagiza. Akasoma ubavu wa tranka langu.

"Chilumba wa Sengerema? Mlifikaje huko, mliogelea?"

Nikashindwa kujizuia, nikasema babu yangu ni wa Kilambo. Aliruka kitandani kama aliyeumwa na siafu. "Mmakonde! Jamani njooni, huyu mtani wangu. Nimekuja kusoma ualimu, Mungu kaniletea na mtumwa wa kunifulia."

Yeye ni Mmakua wa upande wa Masasi. Tangu siku ile hanisalimii bila kunitukana. Sukari yangu anachota bila kuomba, na akimaliza ananilaumu kwa nini nimenunua kidogo. Asubuhi ananiamsha kwa kuniambia mababu zangu walilala hivihivi ndiyo maana wakapitwa na elimu. Lakini nilipougua malaria ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, huku akiwaambia watu njiani kwamba anapeleka mzigo wa muhogo mashineni. Amenifulia shuka zote, na ule uzi mwekundu akausifu.

Tatizo ni mimi. Wenzangu wa huku wanajua kumjibu, wanarudishiana maneno mpaka machozi ya kicheko. Mimi nabaki nimetabasamu kama mtu aliyeingia kwenye harusi isiyo yake. Babu, huu utani mipaka yake iko wapi? Anaweza kuchukua chochote? Mimi naruhusiwa nini? Utani ninaoujua ni huu wa kwako na wangu tu.

Kilambo bado sijaenda. Jumamosi mbili tumekuwa na mazoezi ya kufundisha.

Subira


Sengerema
5 Novemba 2024

Subira,

Nimefurahi umepona.

Kuhusu huyo Raheli, umeniuliza mambo ya utani. Hayo ni mambo ya wazee, yalikuwa na nyumba zake na siku zake. Siku hizi watu wanayatumia kuombea sukari. Mimi nimekaa huku miaka mingi bila mtani na sijapungukiwa. Funga sukari yako. Mwambie kwa upole kwamba ukitaka kumpa utampa.

Wizi wa mabwenini sikuwahi kuuona ukifanywa na mtu wa mbali. Daima ni yule anayejua kitanda chako, ratiba yako na kicheko chako. Simwiti binti wa watu mwizi, nakukumbusha tu kwamba anayechota kidogo mbele yako anakupima. Umeshapoteza simu. Sitaki nisikie umepoteza kingine.

Nenda Kilambo. Dada yangu hapendi simu, anasema sauti isiyo na uso ni ya jini.

Babu yako,
Muhidini


Mtwara
18 Novemba 2024

Babu,

Shikamoo, na pole sana. Najua habari zimeshakufikia kwa simu ya Josephu. Mimi aliniletea baba mdogo Mustafa mwenyewe, Ijumaa jioni, akanisubiri getini bila kutaka kuingia. Nilipoona amevaa kanzu na viatu vya vumbi nikajua. Bibi Mwaisha alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa nimepanga kwenda kumwona Jumamosi ileile. Nilikuwa nimeshamnunulia kanga.

Usiku nililia. Raheli aliniuliza nani amefariki, nikamweleza. Hakutania hata neno moja. Alininywesha uji, nami nikasema moyoni kwamba babu amekosea kumhusu.

Asubuhi nilipata ruhusa ya kwenda Kilambo. Nilikwenda kuoga. Niliporudi tranka langu halikuwepo. Babu, kila kitu changu kimo mle, vyeti, nguo, ile kanga. Raheli alikuwa amekaa kitandani kwangu, amejifunga upande wa kanga yangu niliouacha kwenye kamba, anacheka.

"Unatafuta nini, mtumwa? Huyo bibi yenu namjua. Alikuwa na deni la kuku wangu, ameona heri ajifiche ardhini kuliko kulilipa. Sasa nimechukua mali yake. Ukiitaka, nilipe kuku wangu."

Bibi yangu hajatimiza siku mbili kaburini. Nilimwambia nirudishie, akasema, "Lia vizuri kwanza, hivyo unalia kama mtu wa Sengerema." Wasichana wa vyumba vya jirani wakaja, wengine wakacheka, wengine wakashika midomo. Nikakumbuka maneno yako. Nikaenda kwa Madamu Doris, nikaandika maelezo, nikatia saini.

Walinzi walilikuta tranka chumba cha kupigia pasi, chini ya meza. Kufuli halijaguswa. Raheli aliendelea kucheka mpaka alipoona wale walinzi hawacheki. Akanigeukia akasema, "Subira, waambie." Sikujua niwaambie nini.

Kilambo nilifika jioni. Baba mdogo aliniuliza mbona nimechelewa, nikasema basi lilikawia.

Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi. Madamu Doris anasema kosa la wizi adhabu yake ni kuondoka. Nimefanya kama ulivyonifundisha, siku hiyohiyo, kwa maandishi. Mbona sijisikii kama mtu aliyeibiwa?

Subira


Sengerema
26 Novemba 2024

Subira,

Barua yako imenifikia leo na Alhamisi imeshapita. Josephu amepiga simu chuoni kwa niaba yangu, maana masikio yangu hayashiki maneno ya simu. Aliyepokea amesema mambo ya wanafunzi hayazungumzwi na sauti asizozijua. Ana haki, mimi mwenyewe ningesema vilevile. Nimemwandikia Madamu Doris kwa basi la leo. Hii yako inakwenda pamoja. Ukiipata, kabla ya kula, nenda kafute maelezo yako.

Raheli hakukuibia. Alikuja kukuzikia bibi yako.

Nitakueleza jambo ambalo ningekueleza Oktoba uliponiuliza. Sisi na Wamakua ni watani. Msiba ukiingia nyumbani kwetu, sisi tunazama, na mtu anayezama hawezi kumvuta anayezama. Mtani hazami. Ndiye anayechota maji, anayepika, anayeshika jembe la kaburi. Na ndiye anayebeba kitu chenu akakificha, anayemsema marehemu vibaya mbele yenu, ili mtoke kwenye kilio mkagombane naye. Mnagombana, mnamkomboa kuku wake, mnajikuta mmekula na mmecheka. Kitu alichokichukua hakifungui. Akikifungua ni mwizi. Kufuli lako halikuguswa. Wewe uliandika hivyo, kwa mkono wako, na hakuna aliyekufundisha kukisoma ulichokiandika.

Yule binti yuko mbali na kwao. Hakukuwa na mama wala shangazi wa kumwambia afanye nini. Alikumbuka mwenyewe kwamba msiba wa mtani ni kazi yake, akaamka asubuhi akaifanya.

Nililijua jibu uliponiuliza. Niliposoma maneno yake kuhusu mtumwa wa kumfulia nilicheka peke yangu mpaka Josephu akaja kuniangalia. Kisha nikakaa nikakuandikia habari za sukari. Nisingeweza kukueleza utani bila kukueleza kwa nini siendi Kilambo, kwamba nimekaa mbali miaka mingi mpaka naona haya kurudi, na hilo nimelizungukazunguka tu. Dada yangu amezikwa na watani na majirani. Mimi nilikuwa huku nakufundisha kufunga kufuli.

Nenda.

Babu yako,
Muhidini


Ofisi ya Mlezi wa Wanachuo, Wasichana
Mtwara
9 Desemba 2024

Mzee Muhidini Chilumba,

Shikamoo. Nakiri kupokea barua yako. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kujibu kama ofisi nikashindwa.

Kamati ilikaa tarehe 21 Novemba. Mwanachuo Raheli alisimamishwa masomo kwa mwaka mzima, na mwaka mzima kwa binti wa mkulima, wewe ni mwalimu unajua, mara nyingi ni moja kwa moja. Aliondoka kesho yake.

Ninataka ujue kwamba alijitetea. Alisema yote uliyoniandikia, kwa maneno yake. Mimi ni mtu wa Same. Kwetu utani upo, lakini wa kubebeana sanduku sikuwahi kuuona. Mwenyekiti ametoka Mara. Katika kamati hapakuwa na mtu wa kusini hata mmoja, na hilo sikulifikiria mpaka niliposoma barua yako. Hata hivyo hatukumpuuza. Tulisema, kama ni mtani, mwenzake atajua. Tukamwita mjukuu wako, tukamwuliza mbele ya Raheli kama yeye ni Mmakonde na kama huyu ni mtani wake. Mzee, akasema hapana. Mimi ningeandika nini?

Kuna jambo jingine ambalo halikuingia kwenye maamuzi na halinitoki. Asubuhi ile, kabla Subira hajaja kushtaki, Raheli alikuwa amenijia kuomba ruhusa ya kumsindikiza mwenzake msibani. Nilimkatalia. Nilidhani anatafuta njia ya kutoroka kwenda mjini. Baada ya wizi uliotokea mwaka jana nilikuwa natafuta mfano wa kuwaonyesha wanachuo wote, na nilipoambiwa kuna mtu amekamatwa, nafsi yangu ilishukuru.

Kamati itakaa tena katikati ya Januari. Uamuzi unaweza kurejewa iwapo mlalamikaji mwenyewe atasimama na kukana maelezo yake. Barua ya babu haitoshi.

Wako,
Doris


Mtwara
12 Desemba 2024

Babu,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta Raheli ameshaondoka. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake, ambacho sasa hakina godoro.

Madamu Doris ameniambia kwamba amekuandikia, kwa hiyo unajua nilichojibu. Lakini hujui kilivyokuwa. Ni chumba kile cha mikutano, meza ndefu, wao upande mmoja, Raheli amesimama pembeni. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe ni Mmakonde?" Nikasema, "Mimi ni mtu wa Sengerema."

Raheli akatabasamu. Babu, alitabasamu kwa furaha. Alidhani hatimaye nimejifunza. Alidhani namrudishia, kwamba naanza kwa kumkana halafu nitaigeuza, nitamtukana mbele ya walimu wote na shauri litakwisha. Alikuwa ananisubiri nimalizie. Mwenyekiti akauliza tena, "Kwa hiyo huyu si mtani wako?" Nikasema hapana. Bado alikuwa anasubiri. Mpaka waliponiambia nitoke alikuwa ananiangalia hivyo.

Sikuwa naogopa kuibiwa wakati ule. Nilikuwa naona aibu kusema "ndiyo" kwa kitu ambacho ningeulizwa swali la pili nisijue jibu.

Kesho yake alifungasha mbele yangu. Alinirudishia kijiko changu, ambacho nilikuwa nimesahau kama anacho. Akasema, "Samahani, hiki ni chako." Hajawahi kuniomba samahani kabla ya hapo.

Chumba chetu sasa hakuna anayenitania. Sukari yangu haipungui.

Niambie la kufanya. Safari hii nitafanya bila kuuliza.

Subira


Sengerema
20 Desemba 2024

Subira,

Baba yako mdogo Mustafa anajua la kufanya. Nimezungumza naye kwa mdomo wa Josephu. Alipoelewa alisema kama ungemwambia ukweli siku ile ulipochelewa Kilambo, angekwenda chuoni kesho yake alfajiri na jambo lingekwisha kwa kicheko. Nimemwambia asikulaumu wewe. Ulificha kwa sababu ulifundishwa kuficha.

Mtakwenda Masasi pamoja. Chukua kuku, mzima, mwenye miguu, usichukue wa kwenye barafu. Ukifika usipige magoti, usiombe radhi kama watu wa ofisini. Waambie mmekuja kumkomboa bibi yenu. Watakutukana. Vumilia, na ukipata neno rudisha.

Januari utasimama mbele ya meza ile ndefu utasema wewe ni nani. Swali la pili likija na hujui, sema hujui. Mimi nimepita mitihani mingi na hakuna niliyoshindwa kwa kusema hivyo.

Hii nyingine mkabidhi Raheli.

Babu yako


Sengerema
20 Desemba 2024

Wewe Raheli, binti wa Kimakua usiye na kazi,

Sikusalimii. Nasikia ulikwenda chuo kusoma ualimu ukaishia kubeba masanduku ya watu. Sikushangaa. Ninyi mlivuka Ruvuma mmeshika mikia ya mbuzi wetu, na mpaka leo mkiona mzigo wa Mmakonde mikono inawawasha.

Unamdai dada yangu kuku? Dada yangu hakuwahi kula kuku wa Mmakua, alikuwa anaogopa kumkuta na elimu yake yote ya wizi tumboni. Hata hivyo namtuma huyu mjukuu wangu mjinga akuletee mmoja, aliyekonda kama baba yako. Mpokee, umtoe dada yangu gerezani, urudi shule. Usiporudi nitakuja mwenyewe Masasi na fimbo yangu, na nikifika nitakaa mwaka mzima, nitakula ugali wenu wote.

Jua kwamba aliyekosa ni mimi. Yule mtoto alikataa kwa sababu babu yake alimficha. Nitukane mimi. Nitukane kwa urefu, nina nafasi na nina miwani mipya.

Mtani wako,
Muhidini wa Kilambo


Mtwara
19 Januari 2025

Babu,

Shikamoo. Tulikwenda Masasi, na kamati imeshakaa. Nianze na kamati. Nilisema mimi ni Mmakonde, babu yangu ni wa Kilambo, Raheli ni mtani wangu na hakuniibia. Mwenyekiti akauliza mbona mara ya kwanza nilikana. Nikasema sikujua, na nilimwonea haya asiyejua, ambaye ni mimi. Madamu Doris naye akasimama, akaeleza ile ruhusa aliyomnyima Raheli. Wamefuta adhabu. Raheli anarudi wiki ijayo. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kutoa ushahidi wa uongo, na nimelitia saini bila ubishi.

Masasi mama yake alitutukana tangu tukiwa barabarani. Alimpokea kuku akampima kwa mkono, akamwuliza baba mdogo kama huyu ni kuku au ni barua ya kuku. Baba mdogo akamjibu, wakaendelea hivyo mpaka majirani wakaja na vigoda vyao. Nami nilitia neno. Nilisema kuku amekonda kwa sababu amesikia anakwenda kwa Wamakua akagoma kula. Walicheka wote.

Raheli aliniletea kiti. Alikifuta vumbi kwanza kwa upande wa kanga yake. Akaniuliza kama safari ilikuwa nzuri na kama nitakunywa chai. Aliniuliza niwekewe sukari kiasi gani.

Barua yako nilimpa. Aliipokea kwa mikono miwili.

Subira


Mtwara
2 Februari 2025

Kwa Mzee Muhidini Chilumba,

Shikamoo, mzee. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe na jirani yako.

Nimerudi chuoni tangu Jumatatu na nimeanza masomo. Nimepoteza majaribio ya miezi miwili lakini walimu wamekubali nifidie. Nakushukuru kwa barua uliyomwandikia Madamu Doris. Bila hiyo nisingerudi, najua. Mama pia anakushukuru kwa kuku.

Nimeomba nihamishiwe bweni jingine, nimepewa. Naomba usidhani kwamba nina kinyongo na Subira. Tunakutana darasani, tunasalimiana vizuri. Juzi alinitania mbele ya wenzetu, na alilitafuta neno hilo kwa muda mrefu, niliona usoni. Lilikuwa neno zuri. Nilimwambia asante.

Barua yako ya kwangu niliisoma kwa sauti nyumbani. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia nikujibu upesi, kwamba mzee kama huyu hapatikani siku hizi, nisimwache bila tusi hata siku moja. Nilikaa na kalamu. Ninayo maneno, mzee, kwetu hayakosekani. Lakini kila nikiandika moja namwona mwenyekiti analisoma, ananiuliza nilikuwa na maana gani.

Mwaka huu bwenini wametuwekea makufuli mapya kwenye milango yote, na Madamu Doris amepita chumba kwa chumba kutufundisha kuandika majina kwenye vitu vyetu. Nimeandika vyangu vyote. Kitu cha mtu sikigusi.

Mama anasema itapita, na kwamba mtani hazami. Huenda. Kwa sasa utanisamehe nikikuandikia kwa adabu.

Wako mtiifu,
Raheli